Mwaka wa Kipande Gani? Mhadhara Kuhusu Fonografu za Mchanganyiko

Haya jamani, naona wengine bado mnatafuta viti, kaeni tu tuanze. Hiyo mashine iliyofunikwa kitambaa pale mezani msiifunue kwanza, tutaifikia. Historia ya Edison na karatasi yake ya bati ya 1877 sitaisimulia, mnaijua, na asiyeijua amuulize jirani yake baadaye. Mimi nina jambo moja, nimelisema mara nyingi na leo nalisema tena: mtu akikuletea fonografu ya zamani akakuuliza hii ya mwaka gani, usimjibu. Swali lenyewe limekaa vibaya, maana huenda ni ya mchanganyiko, vipande vya mashine tofauti na vya miaka tofauti. Na wewe muulize, kipande gani?

Kuna mama mmoja aliniletea mashine ya silinda, yaani ile inayotoa sauti iliyochongwa kwenye silinda badala ya sahani, kaibeba mwenyewe kwenye blanketi kama anabeba mtoto, ya marehemu babu yake. Akaniambia kaka, hii ni ya 1886, si maneno yangu, imeandikwa. Na kweli imeandikwa! Ubavuni mwa sanduku kuna kibati cha kampuni ya Columbia, na kwenye kibati kuna mstari wa tarehe, ya kwanza kabisa 4 Mei 1886. Hapo ndipo wanapoangukia karibu wote, mpaka watu wa minada ambao ndiyo kazi yao, na mimi linaniudhi kwa sababu ni kosa la kusoma neno la kwanza na kufunga kitabu. Tarehe ile ni ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi. Siku hiyo Chichester Bell na mwenzake Tainter walipewa hataza zao za kurekodi kwa kuchonga nta, basi kampuni ikaendelea kuzigonga tarehe hizo kwenye vibati miaka na miaka, maana ndiyo ngao yao mahakamani. Kwa hiyo kibati hakisomwi kuanzia mwanzo, kinasomwa kuanzia mwisho. Tarehe ya mwisho kwenye kile cha yule mama ilikuwa ya 1897. Maana yake ni moja tu, kibati kile si kabla ya 1897. Baada ya hapo miaka mingapi? Kibati hakisemi. Na hapo nimezungumzia kibati ee, sijaizungumzia mashine, kibati kinashikwa na misumari miwili midogo, kisu cha jikoni kinatosha kukitoa hapa na kukipigilia kule.

Nikaigeuza. Naomba mnisikilize vizuri hapa kwa sababu kama mtasahau mengine yote hili mlibebe: anza chini. Juu ndiko watu wanakosugua, wanakopaka vanishi, wanakobandika stika. Chini hakuna mtu anayehangaika nako. Nikawasha tochi, nikakuta matundu manne ya boliti yametobolewa mbao ikiwa imeshazeeka, unajua kwa sababu ndani ya tundu mbao ni nyeupe na nje ni kahawia ya moshi. Pembeni yake matundu mengine manne yamezibwa kwa unga wa mbao na gundi kisha yakapakwa rangi nyeusi, kwa macho huoni kitu, lakini ukipitisha ukucha unadumbukia kidogo. Halafu katikati kuna kivuli, sehemu ya mbao safi isiyo na mafuta wala vumbi, yenye umbo la mota ambayo haipo tena. Mota iliyopo ina umbo lingine kabisa. Sanduku linakwambia lenyewe kwamba limeolewa mara mbili.

Mtambo wa juu ulikuwa wa Edison. Sasa Edison na watu wa Columbia walikuwa wanapelekana mahakamani kila leo, huwezi kuniambia walikaa wakatengeneza mashine ya ubia! Kichwa cha sauti nacho nikakiangalia, kikawa ni kile wanachokiita modeli K, chenye mawe mawili unayoyageuza, yaani zile ncha ngumu zinazopita kwenye mfereji wa sauti, moja la silinda za dakika 2 na jingine la dakika 4. Silinda za dakika 4, zile Amberol, zilitoka 1908, na kichwa hicho 1909. Basi hicho kipande tumekifunga, si kabla ya 1909. Pembe ilikuwa ile ya umbo la ua, ya bati, nzuri kweli, lakini mkono unaoishikilia umefungwa kwa skrubu za nyota. Skrubu za nyota! Hataza za Phillips ni za miaka ya 1930. Aliyefunga huo mkono alikuwa na bisibisi ambayo mwaka 1909 haikuwepo duniani.

Yule mama akanyamaza, halafu akasema, kwa hiyo babu alitapeliwa? Hilo swali liliniuma na ndiyo sababu nasimulia kisa hiki kila nikisimama. Nikamwambia hapana mama, mchanganyiko si lazima uwe utapeli. Springi ikikatika fundi anaweka iliyopo. Mota ikichoka wanachukua ya mashine nyingine iliyovunjika sanduku. Huenda babu mwenyewe ndiye aliyetoboa yale matundu, na aliyatoboa vizuri, yamenyooka, si kazi ya mtu mwenye haraka ya kuuza. Nikamwandikia karatasi, sanduku mstari wake, kibati mstari wake, mtambo, kichwa, pembe, mkono, na mbele ya kila kimoja maneno "si kabla ya". Hakukuwa na mwaka wa mashine kwenye ile karatasi na aliondoka nayo ameridhika kuliko alivyokuja na 1886 yake.

Sasa najua kuna mtu anasema moyoni, lakini Edison mwenyewe aliuza vipande vya kubadilishia. Sahihi, na nashukuru kama unalijua. Amberol zilipotoka 1908 watu walikuwa na mashine za dakika 2 tu majumbani, mashine nzima nzima, nani angezitupa? Kampuni ikawauzia giya za kupachika na kichwa cha modeli H. Parafujo ile inayokisogeza kichwa ilibaki ileile ya nyuzi 100 kwa inchi, giya ndiyo inapunguza mwendo nusu, ndipo unapata mifereji 200 kwa inchi. Kwa hiyo unaweza kukuta Standard, modeli mojawapo ya Edison, iliyotoka kiwandani mapema kabisa ina giya na kichwa vya baadaye na hakuna aliyekosea. Hiyo usiiite feki, tafadhali, na kibaya zaidi usiing'oe hizo giya eti unairudisha kwenye asili! Nimeona mtu kafanya hivyo. Kaharibu historia ya kweli ya miaka zaidi ya mia ili apate usafi ambao yule mwenye mashine wa kwanza hakuutaka. Tofauti yake na ubandikaji inaonekana kwenye uchakavu, giya iliyopachikwa zamani ikafanya kazi imekula pamoja na mwenzake, meno yamelainika kwa kiwango kimoja, mafuta yameganda yote rangi moja. Ukikuta jino jipya linauma jino lililokwisha, kuna mtu amepita hapo karibuni.

Mwingine atasema, sawa, lakini inalia, tatizo liko wapi? Tatizo liko kwenye nta ndugu yangu. Mfereji wa silinda ya dakika 4 ni nusu ya upana wa ule wa dakika 2. Ukiiweka Amberol ya nta chini ya jiwe la kichwa cha zamani cha dakika 2, jiwe halikai ndani ya mfereji, linapanda juu ya kuta na kuzisaga, na ile sauti unayoifurahia ndiyo sauti ya silinda inayokufa. Halikadhalika kichwa cha almasi kilichotengenezwa kwa Blue Amberol za seluloidi, zile za bluu za kuanzia 1912, ukikiweka kwenye nta kinalima. Kwenye nta kuna sauti za watu waliojirekodi majumbani, silinda moja, nakala moja, duniani hakuna nyingine. Mashine ya mchanganyiko isiyojulikana kichwa chake ni cha nini ni kisu, na mimi nimeshashika silinda iliyokatwa hivyo, ukiipindua kwenye mwanga unaona unga mweupe kwenye mifereji, na ukiupuliza ujue unapuliza maneno ya mtu. Kwa hiyo kabla ya kuzungusha mkono wowote, kitambue kichwa kwanza. Mwaka utasubiri.

Naonyeshwa saa hapa. Nilitaka kuzungumzia na mashine za sahani, basi haraka haraka. Zile za pembe ya shaba inayong'aa na picha ya mbwa, mnazijua, ziko kila mahali. Ile picha ya mchoraji Barraud iliuzwa kwa Gramophone Company 1899 na toka hapo mbwa hajapumzika. Nyingi ya mashine hizo sanduku ni jipya, pembe ni mpya, kiwiko cha pembe kinene kimechomelewa vibaya, lakini mota ni ya zamani kweli, kwa hiyo ukifungua ndani unasema aa, kumbe ya kweli. Mota hiyo imetoka kwenye gramafoni ya mkobani, zile kama HMV 101 ya 1925 au 102 ya 1931. Mnaelewa kilichotokea? Kuna mashine nzima ya kweli imechinjwa ili izaliwe hii ya uongo. Hiyo ndiyo inayonikera kuliko bei aliyolipa mnunuzi, bei ni yake, lakini mkoba ule haurudi.

Kichwa chenye ulanga na kichwa cha aluminiamu nilikuwa na picha zake, tuziache. Diamond Disc za Edison pia tuziache, ila kumbukeni tu sahani nene ya karibu milimita 6 haiwekwi sindano ya chuma hata kwa kujaribu, mifereji yake inakwenda juu na chini, sindano itaichana.

Haya, funueni kitambaa. Sitawaambia chochote kuhusu hiyo mashine, hata kibati nimekifunika kwa karatasi. Tochi ziko mbili, mpokezane. Wewe uliyekaa mbele, shika upande huu, mwenzako ashike ule, na pembe itoeni kwanza isije ikaanguka. Taratibu. Igeuzeni.