Herufi Iliyogongwa kwa Mkono: Mhadhara kwa Wapenzi wa Sarafu za Kale, Iringa

Wazee wetu, walimu, wanafunzi na ndugu wote mliofika, kamwene.

Juu ya meza hii nimeweka sarafu mbili za shaba za mwaka 1904, zile za Kijerumani zilizoitwa heller, ambazo ndizo zilizotupatia neno hela tunalolitamka kila siku sokoni. Mwaka huo Wajerumani waliacha hesabu ya pesa 64 kwa rupia moja wakaanza hesabu ya heller 100. Ukizitazama haraka utasema ni pacha, lakini moja ina herufi A na nyingine ina herufi J, kwa kuwa ya kwanza ilifuliwa Berlin na ya pili Hamburg. Hiyo ndiyo alama ya kiwanda. Shilingi za Afrika Mashariki za mwaka 1944, ambazo bado zimo katika vibubu vya bibi zetu, nazo ni hivyo hivyo: zenye H zilifuliwa Birmingham, zenye SA zilifuliwa Pretoria.

Leo, hata hivyo, sikuja kuzungumzia herufi yenyewe bali namna ilivyowekwa, kwa maana humo ndimo mkono wa fundi unamoonekana.

Sarafu hufuliwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu. Picha na maandishi huingizwa katika kila muhuri kutoka kwenye muhuri mama, na ndiyo sababu hufanana. Lakini kule Marekani, kwa muda mrefu sana, herufi ya kiwanda haikuwemo katika muhuri mama. Mihuri ilitengenezwa Philadelphia, na kabla ya kupelekwa Denver, San Francisco au New Orleans, fundi alishika tindo nyembamba iliyochongwa herufi nchani, akaisimamisha mahali alipopakadiria kwa macho, akaigonga kwa nyundo. Utaratibu huo uliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo herufi moja iko juu kidogo, nyingine imeegemea kulia, nyingine imezama zaidi ya wenzake. Na pale ambapo pigo la kwanza lilikuwa hafifu na tindo haikurudi palepale katika pigo la pili, muhuri ulibaki na herufi mbili zilizopandana, na kila sarafu iliyotoka katika muhuri huo ikazibeba zote mbili.

Wakati mwingine herufi zilizopandana ni za miji miwili tofauti. Kiwanda cha Carson City kiliacha kufua sarafu mwaka 1893, na baadhi ya mihuri ya dola iliyokwisha kugongwa CC ikagongwa O juu yake, ikatumika New Orleans mwaka 1900. Chini ya O ile mabaki ya CC yanaonekana hata leo. Hakuna karatasi ya ofisini inayoweza kusimulia safari ya kipande cha chuma kwa uwazi kama huo.

Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu wengi hulipa fedha nyingi kwa kosa la macho. Si kila herufi yenye kivuli imegongwa mara mbili. Muhuri ukicheza kidogo ndani ya mashine wakati wa kufua, huikwangua herufi iliyokwisha kuinuka na kuacha ngazi bapa pembeni yake, na herufi yenyewe hubaki nyembamba kuliko kawaida. Herufi iliyogongwa mara mbili kwa tindo ina unene wake kamili, na kati ya mikia yake miwili pana mfuo mdogo kama kidole kilichopasuka ukucha. Kisha tafuta sarafu nyingine ya muhuri uleule: ikiwa na alama ileile mahali palepale, basi ni kazi ya tindo.

Sarafu ya tatu ni ya kwetu. Mwaka 1916, vita ilipokuwa imefunga njia za baharini, Wajerumani walifua fedha katika karakana ya reli ya Tabora, wakaweka herufi T: heller 5, heller 20, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Kwa kuwa mihuri ilichongwa papo hapo, tofauti hazikuishia kwenye herufi ya kiwanda. Heller 20 nyingine zina taji kubwa, nyingine taji dogo. Katika neno HELLER, ncha za L zimechongoka kwenye muhuri mmoja na kujikunja kwenye mwingine.

Hii niliyoishika nilipewa na bibi yangu nikiwa kijana. Niliisugua kwa ndimu na mchanga mpaka ikang'aa, na ncha za L zikaisha. Tangu siku hiyo haiwezekani tena kusema ilitoka katika muhuri upi, na jambo hilo linaniuma hadi sasa. Kwa hiyo nawasihi: sarafu mtakayoipata shambani au kwenye sanduku la marehemu msiisugue, wala msiipeleke kuuzwa kwa uzito kabla haijatazamwa kwa lensi.

Sarafu zote tatu nazisogeza karibu na dirisha penye mwanga. Lensi ni moja, kwa hiyo tupokezane, wazee watangulie, na kila mmoja azishike ukingoni.