Mtoto Ana la Kusema, Tumuulize: Kuwaandaa Wanafunzi wa Kidato cha Tano na Sita kwa Maombi ya Ufadhili

(Mhadhara kwa walimu na wazazi wa shule za sekondari za juu)

Wakuu wa shule, walimu wa taaluma, walezi wa wanafunzi, wazazi wetu: shikamooni wakubwa, na habari za asubuhi wenzangu. Itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwasaidia vijana wetu waandike maombi ya ufadhili yenye nguvu. Niingie moja kwa moja kwenye jambo linaloniumiza kila ninapoyasoma maombi hayo kabla hayajatumwa. Yanafanana. Ukifunika jina hapo juu, huwezi kujua lipi ni la mtoto wa Kahama na lipi ni la mtoto wa Mkuranga. Wote wanaanza hivi: “Tangu nikiwa mdogo nimekuwa na ndoto ya kuwa daktari ili niisaidie jamii yangu inayokabiliwa na changamoto nyingi.” Wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) anaandika daktari, wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) anaandika mhandisi, wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) mchumi, wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) mwanasheria. Yanayobaki ni yaleyale, neno kwa neno.

Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Kasoro yake ni kwamba haina mtu ndani. Anayeisoma ana rundo la maombi mezani, na kila mwombaji aliyefika hapo ana alama nzuri. Alama zimeshamfikisha mlangoni. Sasa msomaji anataka kujua ni nani huyu anayebisha hodi, na sisi tunampa sentensi aliyokwisha kuisoma tangu asubuhi.

Vijana hawa si wavivu. Wanaandika hivyo kwa sababu tumewafundisha hivyo. Insha ya mtihani ina utangulizi, kiini na hitimisho, na mwanafunzi hujifunza mapema kwamba akisema mambo ya jumla hakosi alama. Tena malezi yetu yanamwambia mtoto mwenye adabu hajisemi. Mtoto aliyelelewa vizuri Usukumani au Pwani, ukimuuliza “wewe umefanya nini?”, anainamisha kichwa. Ndipo fomu inakuja na kumtaka aeleze alichoongoza na alichobadilisha. Anaandika “nilikuwa kiranja wa usafi”, anaweka nukta.

Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ni kuuliza. Tunakimbilia kumpa kijana mfano wa barua iliyofaulu, naye anaunakili. Kabla ya hapo akae na mtu mzima anayemsikiliza, na asimulie kwa Kiswahili, au hata kwa Kikerewe au Kisukuma, ingawa insha yenyewe itakuja kuandikwa kwa Kiingereza. Lugha ya darasani inambana, anaanza kusema yale ya kwenye vitabu.

Niwape mfano mmoja kwa kirefu, maana ndiko kazi ilipo. Binti mmoja wa EGM kutoka Ukerewe alikuja na ile sentensi ya ndoto ya tangu utotoni. Nikamwambia tuiweke pembeni kidogo. Ukiwa likizo unaamka saa ngapi? Saa kumi na moja alfajiri. Unafanya nini? Ninamsaidia mama, anauza chai na vitumbua mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Wewe unafanya kipi hasa? Ninashika daftari la madeni. Hapo alitaka kupita haraka, kwa sababu kwake daftari la madeni ni kitu cha kawaida kabisa. Nikamzuia. Nani anakopa? Wavuvi wa dagaa. Wanalipa lini?

Akanyamaza, kisha akaanza kueleza. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, wavuvi wanapumzika, mfukoni hamna kitu, na vitumbua wanakula kwa mkopo. Giza likirudi, wanalipa. Yeye aligundua hayo kwa kurudi nyuma kwenye kurasa za daftari na kuona madeni yakipanda na kushuka kwa kufuata mwezi. Akamshauri mama yake apunguze unga siku za mbalamwezi, na fedha inapoingia wakati wa giza anunue sukari na mafuta ya kutosha kabisa. Mama alikataa mara ya kwanza. Baadaye akakubali.

Walimu wenzangu, binti huyu alikuwa ameniambia hana kitu cha kuandika! Amekusanya taarifa, ameziona zinafuata utaratibu gani, ametoa ushauri, amepingwa na mkubwa wake, amesubiri, na biashara ya nyumbani imebadilika. Wanaotafuta vipaji wanatafuta hilo hilo. Insha yake ya mwisho ilianzia kwenye ukurasa wa daftari lile wenye madoa ya mafuta, na neno “ndoto” halikuwamo.

Angalieni maswali yenyewe yalivyokuwa. Saa ngapi, nani, lini, mama alisemaje. Ukimuuliza mtoto “una sifa gani za uongozi?” utapata jibu la kukariri. Muulize nani alimkatalia na yeye akafanya nini. Na akifika mahali anapotaka kupita haraka kwa kuona ni jambo dogo, mzuie hapohapo.

Niseme sasa kuhusu umaskini, maana hapa tunawaumiza watoto bila kukusudia. Fomu nyingi zinauliza hali ya familia, na ni haki yao kuuliza, kwa sababu fedha ile imetengwa kwa wenye uhitaji. Mpango wa Mastercard Foundation Scholars, ulioanza 2012 na unaopitia vyuo kama Ashesi kule Ghana, Makerere na Chuo Kikuu cha Cape Town, unatazama uwezo wa kitaaluma, uhitaji, na moyo wa kuutumikia umma. Vyote vitatu. Sasa kijana wetu anashika kimoja tu, uhitaji, anakijaza ukurasa mzima wa machozi: baba alituacha, tunalala njaa, nyumba inavuja. Mimi nawaambia wanafunzi wangu waeleze hali ya nyumbani kwa aya moja, kwa ukweli na kwa hesabu: nani anafanya kazi gani, anapata kiasi gani, wangapi wanamtegemea. Kisha waendelee na mambo waliyofanya wao. Mtoto asilazimike kuuza aibu ya mzazi wake ili asome. Na asiongeze chumvi. Wale wa mpango wa Wings to Fly kule Kenya, unaofadhili masomo ya sekondari tangu 2010 kupitia Equity Group Foundation, wanafika mpaka nyumbani kwa mwombaji kuona hali halisi. Aliyeandika kwamba anaishi kwenye kibanda atakutwa kwenye nyumba ya bati yenye sebule, na ombi lililokuwa zuri litaharibika kwa uongo ambao hata hakuuhitaji.

Barua za mapendekezo ni zetu sisi walimu, na niwe mkweli: nyingi hazimsaidii mtoto. “Ni mwanafunzi mtiifu, mwenye nidhamu, anayeshirikiana na wenzake.” Barua moja, tunabadilisha jina, tunagonga muhuri. Mwalimu aliyefundisha darasa la wanafunzi themanini hawezi kuwakumbuka wote, nalijua hilo. Basi mwanafunzi na aje wiki tatu kabla, na karatasi moja inayokukumbusha: somo ulilonifundisha, swali nililokuuliza siku ile, kazi niliyorudia mpaka ikakubali. Wewe uchukue tukio moja uliloliona kwa macho yako, uliandike. Barua ya mwalimu wa Fizikia inayoeleza jinsi kijana alivyotengeneza saketi kwa waya wa redio mbovu kwa sababu maabara haikuwa na vifaa ina uzito kuliko barua ya mkuu wa shule asiyemfahamu.

Nyaraka. Hapa naomba wazazi mnisikilize zaidi, kwa sababu nimeona watoto wazuri wakikwama kwa karatasi.

Mtoto ana cheti cha kuzaliwa kinachosema Joseph Masanja, na cheti cha kidato cha nne kinachosema Joseph Mabula, kwa sababu aliyempeleka kuandikishwa darasa la kwanza alikuwa mjomba na mjomba akatoa jina lake. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyejali. Siku ya maombi, majina mawili ni watu wawili. Hilo linatengenezwa kwa hati ya kiapo, au kwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na linachukua muda. Haliwezekani wiki ya mwisho. Kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, kwa Bara na mamlaka ya usajili ya Zanzibar kwa Visiwani. Aliyefiwa na mzazi anatakiwa awe na cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Zipo familia ambazo baba alizikwa kijijini miaka kumi iliyopita na hakuna aliyefuatilia cheti. Mtoto ni yatima kweli, kijiji kizima kinajua, na kwenye mfumo uyatima wake hauna ushahidi. Nendeni mkafuatilie mwaka huu, mtoto akiwa bado kidato cha tano. Kaya iliyo chini ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, iwe na namba yake tayari. Namba ya mtihani ya kidato cha nne atakayoombea chuo ndiyo hiyohiyo aombee mkopo.

Na kalenda yetu ni ngumu. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, matokeo hutoka Julai, na katikati hapo wengi wako Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, kambini, mbali na simu na mbali na mwenyekiti wa serikali ya mtaa anayetakiwa kusaini fomu. Dirisha la mkopo nalo hufunguliwa katika miezi hiyohiyo. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wanaofanya vizuri sana masomo ya sayansi, nao unasubiri matokeo hayo. Wanaoomba vyuo vya Marekani wanakuta milango mingi inafungwa kati ya Novemba na Januari, yaani wakiwa bado katikati ya kidato cha sita, na insha kuu ya Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi vya huko kwa pamoja, haizidi maneno 650. Kwa hiyo aliyeanza kufikiria maombi baada ya mtihani wa mwisho ameshachelewa nusu ya nafasi hizo. Napendekeza kila kijana wa kidato cha tano aanze daftari tangu muhula wa kwanza: kila wiki aandike jambo moja alilofanya, nani alikuwepo, kilitokea nini. Na kila mzazi afungue bahasha moja ya nyaraka, awe na nakala zake kwenye simu.

Jirani zetu wametuonyesha kwamba maandalizi haya yana matunda. KenSAP, mpango wa Kenya wa kuwaandaa vijana kwa vyuo vya Marekani, ilianza 2004, na mmoja wa waasisi wake ni Mike Boit, yule mkimbiaji wa mita 800 aliyepata medali ya shaba Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Waliwachukua vijana waliofaulu sana kutoka familia za wakulima na wafugaji wa Bonde la Ufa, wakawaweka kambini Iten, wakawaandaa kwa mitihani, insha na usaili, mpaka wakaingia vyuo vikubwa vya Marekani. Vijana wa Ukerewe na Kilombero hawawazidi wala hawapungukiwi akili. Walichokosa ni mtu wa kukaa nao.

Kukaa nao, lakini si kuwaandikia. Najua yapo madukani kwetu, mtaa wa steshenari, mtu anakuandikia insha kwa elfu kumi. Siku hizi pia kuna akili mnemba kwenye simu, inatoa ukurasa mzima kabla chai haijapoa. Kijana anaweza kuitumia kusahihisha herufi au kuulizia maana ya neno, sina ugomvi. Akiiachia imsimulie maisha yake, itamrudisha kwenye sentensi ile ya kila mtu, kwa sababu haijui habari za daftari la madeni. Kisha anaitwa kwenye usaili, anaulizwa habari ya aya ya tatu, naye anaisikia kama habari ya mgeni. Katika usaili mfundisheni aseme “sijui, lakini ningeanza kutafuta hivi” bila kutetemeka.

Kuhusu matapeli nitasema kwa kifupi. Mkopo wa serikali una ada ya kuomba, inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Mtu anayetaka utume fedha kwa namba yake ya simu ili “akusogezee faili” ni mwizi, hata kama ana kitambulisho shingoni.

Naona swali limeletwa kwa karatasi: je, kijana wa daraja la pili, ambaye skolashipu kubwa za nje hazimtazami, afanye nini? Kwanza asiache kuomba chuo cha nyumbani na mkopo kwa wakati, kwa nyaraka kamili. Pili, aangalie stashahada. Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada mwaka 2023/2024 kwa fani za kipaumbele, na kwa kijana anayependa ufundi au afya hiyo ni njia halali kabisa. Tatu, zipo skolashipu za shahada ya pili ambazo zitamtazama kwa alichofanya chuoni na kazini, kwa hiyo daftari lake asilitupe. Aliyeandika swali hili, kama kijana mwenyewe yuko hapa ukumbini, wakati wa chakula aje na vyeti vyake tuvipitie pamoja. Nitaanza na jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa.