Mafunzo Yamfuate Mtoa Usingizi Aliko

ZAITUNI: Karibuni tena katika kipindi chetu, ninyi mnaotusikiliza kutoka Arua, Tororo, Kampala na kwingineko. Leo tunazungumzia elimu endelevu ya watoa usingizi, wale wanaomlaza mgonjwa kwa dawa au kumtia ganzi kwa ajili ya upasuaji; ni mafunzo wanayopaswa kuendelea kuyapata baada ya kuhitimu, ambayo mabaraza yanayosimamia taaluma za afya huyahesabu kwa alama wakati wa kuhuisha leseni. Mwalimu Opio, wewe umewafundisha maafisa wa usingizi kwa muda mrefu. Alama hizo hasa zinapima nini?

OPIO: Ahsante, Dada Zaituni. Kwa kiasi kikubwa zinapima mahudhurio. Afisa akiketi ukumbini siku mbili na kutia saini asubuhi na alasiri, anapewa cheti, na cheti hicho ndicho chenye alama. Sisemi kwamba hakujifunza kitu, lakini karatasi ile haimtofautishi aliyeshika mrija wa hewa kwa mkono wake na aliyekuwa safu ya nyuma akijibu ujumbe wa simu. Ndiyo maana ningependa tumtazame kwanza mtu anayekusudiwa. Wewe ulifanya kazi ya usingizi peke yako kwa miaka kadhaa huko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa hiyo tueleze ni nani huyu.

ZAITUNI: Hapa kwetu mara nyingi si daktari bingwa. Ni afisa wa usingizi aliyewekwa katika hospitali ya wilaya au katika kituo cha afya cha ngazi ya nne, na kazi yake kubwa, hasa usiku, ni akina mama wanaoletwa kwa ajili ya upasuaji wa kujifungua. Anampokea mama, anamdunga ganzi ya mgongo au kumlaza kwa ketamini, anamwangalia wakati wote wa upasuaji, na mtoto akitoka hajalia, macho yote yanamgeukia yeye huyo huyo. Shirikisho la kimataifa la vyama vya wataalamu wa usingizi linapendekeza angalau madaktari bingwa 5 wa fani hii kwa kila watu 100,000, nasi Uganda hatujafikia hata mmoja. Kwa hiyo afisa huyo hana mkubwa wa kumwita kutoka chumba cha pili.

OPIO: Na vifaa navyo vina historia yake. Mwaka 2007 jarida la Anaesthesia lilichapisha utafiti uliowauliza watoa usingizi wa Uganda wenyewe kama walikuwa na vitu vinavyotakiwa ili kazi iwe salama. Waliokuwa na vya kutosha kwa mgonjwa mtu mzima walikuwa asilimia 23, kwa mtoto asilimia 13, na kwa upasuaji wa kujifungua asilimia 6 tu. Tangu wakati huo vipimo vya oksijeni vya kidoleni vimesambazwa, na hali katika vyumba vingi vya upasuaji si ile tena. Ninautaja kwa sababu unamfunza mwalimu adabu. Ukija na somo lililotungwa kwa ajili ya hospitali yenye kila kitu, utakuwa umemfundisha mtu kazi ambayo hana.

ZAITUNI: Kuna wanaosema kwamba mtu aliyefanya kazi hii kwa muda mrefu ameshajua yote ya muhimu, na kwamba mafunzo ya kila mwaka ni usumbufu. Mimi nilikuwa karibu kukubaliana nao hadi suala la asidi ya traneksamiki lilipojitokeza. Naomba tulieleze kwa kirefu, kwa sababu wengi wamesikia nusu yake.

OPIO: Ni mfano mzuri sana. Dawa hii huzuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa kimataifa uliohusisha wanawake zaidi ya 20,000 waliokuwa wakivuja damu baada ya kujifungua, ukaonyesha kwamba gramu 1 mshipani, ikitolewa ndani ya saa 3 tangu mtoto azaliwe, hupunguza vifo vinavyotokana na kuvuja damu. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, nayo ikaanza kuingia katika vyumba vya uzazi na vya upasuaji vya nchi nyingi. Hiyo ni habari njema isiyo na shaka.

ZAITUNI: Na ndipo ikaja nusu ya pili.

OPIO: Ndiyo. Dawa hii huja katika kichupa kidogo cha kioo chenye maji yasiyo na rangi, na bupivakaini, dawa ya ganzi tunayoidunga mgongoni, nayo huja katika kichupa kidogo cha kioo chenye maji yasiyo na rangi. Viwanda vingine hutengeneza vichupa ambavyo, ukiviweka kwenye trei moja chini ya taa hafifu, utavitofautisha kwa kusoma maandishi tu. Katika nchi mbalimbali wapo wagonjwa waliodungwa asidi ya traneksamiki mgongoni kwa makosa. Ganzi haishiki. Badala yake mgonjwa hulalamikia maumivu makali ya mgongo na matako, miguu huanza kurukaruka, kisha hufuata degedege na mapigo ya moyo kuvurugika, na karibu nusu yao hufariki. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu jambo hilo hasa.

ZAITUNI: Sasa mtazame afisa aliyehitimu, tuseme, mwaka 2012. Alipokuwa chuoni dawa hii haikuwa sehemu ya kazi yake ya kila siku. Siku moja inaletwa pamoja na mzigo wa dawa, mtu wa stoo anaipanga kabatini pale penye nafasi, yaani kando ya bupivakaini, na hakuna aliyefanya uzembe wowote. Uzoefu wa miaka yote ile haumwambii kwamba kabati lake limebadilika.

OPIO: Na hatua za kuzuia ajali hiyo hazigharimu shilingi. Dawa hiyo haikai katika trei ya ganzi ya mgongo kabisa, inawekwa mahali pengine, ikiwezekana nje ya eneo la mtoa usingizi, ikiwa na lebo inayosomeka kwa mbali. Kichupa cha ganzi husomwa kwa sauti na watu wawili kabla hakijavunjwa. Somo lote linaweza kumalizika kwa robo saa mbele ya kabati lenyewe, na mimi ningelipatia alama nyingi kuliko mhadhara wa saa zima kuhusu dawa ambayo bohari yetu haijawahi kuileta.

ZAITUNI: Hapo nakuunga mkono. Kuna mambo mengine ya namna hiyo, kama vile oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili mama asivuje damu. Wengi wetu tulizoea kuisukuma yote mshipani kwa mkupuo mara mtoto alipotoka, na tukashangaa shinikizo la damu la mama likiporomoka.

OPIO: Makubaliano ya wataalamu wa kimataifa ya mwaka 2019 yanasema uniti 1 yatosha kuanzia kwa upasuaji uliopangwa, na uniti 3 kwa mama aliyekuwa katika uchungu, zikitolewa taratibu kwa nusu dakika au zaidi, kisha dripu ifuate. Halotheni nayo, dawa ya usingizi inayovutwa kama mvuke, imekuwa ikitoweka sokoni na aisoflureni ikachukua nafasi yake, na aliyezoea kumlaza mtoto kwa halotheni atashangaa mtoto akikohoa na kubana pumzi, kwa sababu mvuke wa aisoflureni unawasha njia ya hewa. Lakini tusikae sana hapo.

ZAITUNI: Basi tuje kwenye namna ya kufundisha. Kozi ya siku tatu ya usingizi kwa wajawazito, iliyoandaliwa na shirikisho lile la kimataifa pamoja na chama cha wataalamu wa Uingereza, ilianzia hapa Uganda mwanzoni mwa miaka ya 2010, kisha ikaenea katika nchi nyingine nyingi. Naitaja kwa fahari kidogo, mnisamehe.

OPIO: Una haki ya kujivunia. Uzuri wake ni kwamba washiriki hugawanywa katika makundi madogo, hushika mwanasesere, huigiza dharura, na walio hodari hupewa mafunzo ya ziada ili wawe walimu, hivyo kozi haiondoki nchini pamoja na wageni. Tatizo ni kinachotokea baadaye. Ustadi wa kufufua mgonjwa, au wa kufungua njia ya hewa iliyokataa, huanza kufifia ndani ya miezi michache usipotumiwa. Mtu hutoka kwenye kozi mwezi wa Februari akiwa moto, na dharura yenyewe humkuta mwezi wa Novemba.

ZAITUNI: Kwa hiyo unapendekeza nini kati ya Februari na Novemba?

OPIO: Mazoezi mafupi, palepale kazini, na timu nzima. Nitatoa moja ninalolipenda. Jioni ambapo hakuna mgonjwa, muuguzi mmoja analala mezani na kujifanya mama aliyekwisha kudungwa ganzi ya mgongo. Anasema mikono inamlegea na hawezi kuvuta pumzi vizuri, sauti yake inakuwa ya kunong'ona. Mwingine anatangaza namba: shinikizo 70 kwa 40, mapigo 48. Afisa anatakiwa kutambua kwamba ganzi imepanda juu mno, kisha kufanya, si kusimulia: tumbo linasukumwa upande wa kushoto ili uzito uondoke kwenye mishipa mikubwa, oksijeni inafunguliwa, maji yanaenda kasi, efedrini au adrenalini ya kupandisha shinikizo inavutwa kwenye sindano, atropini ya kuharakisha mapigo iko tayari, na mfuko wa kupumulishia uko mkononi kabla pumzi haijakoma.

ZAITUNI: Tulifanya zoezi kama hilo katika kituo nisichokitaja. Afisa alijua kila hatua, wala hakusita. Ila efedrini ilikuwa ndani ya kabati lililofungwa, na funguo zilikuwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda nyumbani saa kumi na moja jioni. Pale ndipo niliposadiki kwamba ukumbi wa hoteli usingeweza kutuonyesha jambo lile kamwe.

OPIO: Na dawa ya tatizo hilo ilikuwa nini?

ZAITUNI: Kisanduku cha dharura cha plastiki, chenye karatasi ya dozi imebandikwa kifunikoni, kinachokabidhiwa zamu kwa zamu kwa saini. Lakini Mwalimu, nikupinge kidogo kuhusu makongamano. Mtu anayefanya kazi peke yake mwaka mzima hubeba vifo moyoni bila wa kumweleza. Akikutana na wenzake wa Gulu na Mbarara wakati wa chai, akasikia kwamba nao wamepitia yale yale, anarudi akiwa na namba za simu za watu anaoweza kuwapigia saa nane usiku. Hilo nalo ni elimu, ingawa halimo kwenye ratiba.

OPIO: Nakubali, na sitaki makongamano yafutwe. Napinga tu yawe ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupata alama. Afisa aliyeendesha zoezi la efedrini na kuandika nusu ukurasa kuhusu kilichobadilishwa anastahili alama kama yule aliyesafiri. Mikutano ya intaneti tuliyoizoea tangu janga la mwaka 2020 inasaidia pia, maadamu somo linaweza kupakuliwa na kusikilizwa baadaye, kwa kuwa bando ni ghali na mgonjwa haji kwa ratiba ya mhadhara.

ZAITUNI: Msikilizaji wetu mmoja anauliza swali zito: yeye ndiye mtoa usingizi pekee kituoni, akienda mafunzoni wiki moja nani atabaki?

OPIO: Hapo ndipo mipango mingi huvunjika, na si haki kumlaumu afisa. Ninachokiona kinawezekana ni wilaya kupanga zamu ya kubadilishana: afisa wa kituo jirani anashika vituo viwili kwa siku hizo, wagonjwa wasio wa dharura wanaahirishwa mapema, na hospitali ya rufaa ya mkoa inaarifiwa kwa maandishi ili ambulensi isije ikafika bila kutarajiwa. Njia nyingine ni mwalimu kwenda kwake. Mwalimu mmoja akikaa siku mbili kwenye kituo, anamwona afisa akifanya kazi kwenye mashine yake mwenyewe, wanakagua kabati pamoja, wanawaita wakunga na mpasuaji katika zoezi moja, na akina mama wanaendelea kuhudumiwa. Wilaya ikilinganisha posho, nauli na malazi ya maafisa kadhaa mjini na mafuta ya gari la mwalimu mmoja, sidhani kama itapata hasara.

ZAITUNI: Basi msikilizaji, mpelekee mganga mkuu wa wilaya pendekezo hilo la pili kabla bajeti ya mwaka ujao haijafungwa, na utuandikie alivyojibu. Kipindi kijacho tutazungumzia usingizi kwa watoto wadogo, kuanzia saa za kufunga kula na kunywa kabla ya upasuaji.