Mkoko Haupandwi Popote

Assalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioitisha kikao hiki.

Mmetaka nizungumzie hamu ya vijana wa Lamu ya kuyatetea mazingira. Hamu ipo, hilo halina mjadala. Juni 2019 ilipofutwa leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokuwa ujengwe Kwasasi, miongoni mwa waliokuwa wameupinga kwa miaka ni vijana wa hapa hapa. Sasa hamu hiyo imehamia kwenye mikoko, na ni haki yake, maana kaunti hii ndiyo yenye karibu asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya. Lakini kuupinga mtambo kulitaka sauti. Kupanda mkoko kunataka kuyajua maji, na huko ndiko jasho jingi la vijana linakopotelea.

Mambo huenda hivi. Tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, au tarehe 26 Julai, siku ya mikoko iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2015, fulana huchapishwa, mashua hukodiwa, mgeni rasmi hualikwa. Mgeni huchelewa, kama ada. Atakapofika maji yameshaanza kujaa, basi watu hushuka palipo karibu na palipo peupe: fungu la matope lililo mbele ya msitu. Nafasi tele, picha nzuri, maelfu ya miche huchomekwa kwa saa moja. Tarehe zote mbili ziko katikati ya kusi, msimu wa upepo wa kusini, bahari imechafuka. Ukirudi pale baada ya miezi mitatu utakuta vijiti.

Pale mbele pako peupe kwa sababu. Mikoko huishi sehemu ya juu ya kupwa na kujaa, kuanzia usawa wa wastani wa bahari hadi linapofikia bamvua kubwa, yaani yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Mche ukikaa ndani ya maji zaidi ya kama thuluthi moja ya muda wake, haupumui vya kutosha. Matope hulala juu ya majani. Kisha wale viumbe wadogo wenye magamba makali, wanaoganda chini ya majahazi, huganda kwenye kishina, huufanya mche mzito kichwani, wimbi likija linaulaza au kuuvunja. Na ikiwa fungu lenyewe lina nyasi za baharini, mmeharibu malisho ya samaki tafi na kasa kwa jina la mazingira.

Kujua usawa hakuhitaji mashine. Chukueni fito mbili ndefu, mzitie alama kila sentimita 10. Moja isimamisheni ndani ya msitu mzima wa aina ile ile mnayotaka kupanda, uliojiotea wenyewe karibu na hapo. Ya pili iwe mahali mnapokusudia. Siku ya bamvua, maji yakijaa na kusimama, mtu mmoja mmoja kwenye kila fito asome kina kwa wakati mmoja. Kina cha fito ya pili kikizidi cha ya kwanza kwa zaidi ya shubiri moja, hapo si pa kupanda. Hesabu ya siku moja tu, lakini vikundi vingi huiruka kwa sababu haipendezi kwenye kamera.

Pengine penye upara ni ndani ya msitu, si mbele yake. Hapo ulizeni kwanza miti ilikwenda wapi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kwenye baadhi ya hori, yaani vijito vya bahari, za pwani yetu, ukafunika mizizi ya kupumulia, miti ikafa imesimama. Kwingine njia au tuta limeziba mkondo. Maji ya bamvua huingia, hayatoki, jua huyakausha, chumvi hubaki na kuongezeka. Ukipanda hapo umepanda kwenye chumvi. Dawa ni majembe na kuufungua mkondo, na mara nyingi mbegu zitakuja zenyewe na maji. Na pale walipokata wakataji wa boriti, tazameni vilele na matawi yaliyoachwa chini: yakirundikana, hugandamiza miche michanga na kuzuia mbegu kushika. Kuyaondoa ni kazi ya siku moja na huokoa miche mingi kuliko sherehe yoyote. Mkikuta miche iliyojiotea, hata mmoja kwa kila hatua, wekeni jembe chini na muilinde hiyo.

Haya, mmepata mahali, na panahitaji kupandwa. Tuje kwenye mbegu.

Mkoko wenyewe, huu wenye mizizi iliyopinda kama matao, mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti, ikaning'inia kama fimbo ya kijani. Msiifuate kalenda, utazameni mti. Mbegu iliyokomaa huwa na shingo ya manjano pale inapokutana na kofia yake, na ukiigusa kwa kuizungusha kidogo huachia. Isiyo na shingo hiyo ni changa, itaoza. Kofia isichomolewe kwa nguvu, kwa sababu chini yake ndipo lilipo chipukizi, na likikatika mmepanda kijiti. Ikagueni ngozi: tundu dogo kama la sindano lenye unga pembeni ni kazi ya mdudu mtoboaji, hiyo itupeni. Mkishaokota, wekeni kivulini zikiwa na unyevu, ndani ya gunia lililoloweshwa maji ya bahari, na mzipande ndani ya siku chache. Nimeona watu wakizianika juu ya sitaha ya mashua saa sita ya mchana. Hilo ni sawa na kuzichemsha.

Siku ya kupanda, chagueni pale bamvua linapokatika kuelekea maji mafu, ili mche upate siku kadhaa za maji madogo kabla ya kusukumwa. Wakati wa bamvua maji yetu hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita mchana hivi, kwa hivyo watu wawe matopeni mapema. Ncha iliyochongoka iende chini. Zamisheni robo hadi thuluthi ya urefu, basi. Ukizamisha nusu, unachelewesha majani. Ukizamisha kidole kimoja, maji yataichukua hadi Somalia. Tope likiwa gumu toboeni kwanza kwa kijiti, kisha mbane tope kwa vidole pande zote, pasibaki uwazi wa maji kukaa. Nafasi ya mita 1 kwa mita 1 ni miche 10,000 kwa hekta, na miti hurefuka ikinyooka, inafaa mkitaka boriti baadaye. Mita 2 kwa 2 ni 2,500, inatosha kwa kuziba upara tu.

Mikoko ina aina nyingine pia. Mkandaa hufuata taratibu hiyo hiyo, ila mbegu yake ni fupi na mahali pake ni juu zaidi. Mchu ni mambo mengine. Mbegu yake ndogo iloweshwe siku moja hadi ngozi ibambuke, iwekwe juu ya udongo wa kiriba, ule mfuko mdogo wa kuoteshea, bila kufukiwa, na ikuzwe kitaluni. Mlilana, ambao ndio hasa mti wa kukaa mbele baharini, mbegu zake ni kama punje na huchukua miezi mingi kitaluni. Kwa sababu hiyo vikundi huukwepa, wakapanda mkoko mahali pa mlilana, na tumerudi kwenye vile vijiti. Viriba vya plastiki mrudi navyo vyote. Mtu anayelilia bahari akaacha viriba mia matopeni, sina la kumwambia.

Baada ya hapo ndipo kazi inapoanza, na ndipo fulana zinapopungua. Pimeni vipande vya mita 10 kwa 10, mvitie vigingi, mhesabu miche hai baada ya miezi 3, 6 na 12, kisha kila mwaka. Kila mche uliokufa una dalili. Uliotafunwa shingoni ni kaa. Ncha za majani zilizokauka rangi ya kahawia ni chumvi. Majani ya mchu yaliyonyolewa juu ni mbuzi au ng'ombe, nendeni mkazungumze na mwenye mifugo. Miche iliyong'oka kwa mstari ni wavu wa jarife umeburutwa au pale ni bandari ya mtu. Mlipaswa kuzungumza na kamati ya wavuvi kabla. Ikiwa imekufa zaidi ya nusu, msijazie mpaka mjue kilichoiua.

Kuhusu ruhusa nitasema kwa ufupi. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali uliohifadhiwa tangu 1932. Sheria ya misitu ya 2016 inawapa wananchi nafasi kupitia jumuiya za misitu. Ingieni humo, na afisa wa misitu ajue. Na mkisikia habari za fedha za hewa ukaa, zinazolipwa kwa hewa chafu inayofyonzwa na msitu, kama za Gazi, Kwale, kumbukeni kwamba mradi ule wa Mikoko Pamoja una hekta 117, na sehemu kubwa ni msitu wa asili uliolindwa usikatwe.

Nimeletewa swali moja lililoandikwa: kikundi kimeshanunua miche ya mkoko kwenye viriba na mahali walipokusudia hapafai, wafanyeje? Msiipande. Itafutieni kitalu ndani ya mkondo, kwenye kivuli cha msitu, ambapo maji yanaifikia kila bamvua. Siku za maji mafu ichoteeni maji. Itakaa miezi kadhaa bila taabu. Kila wiki mbili viinueni viriba na mvizungushe, mizizi isije ikashika ardhi kwa chini. Ikishashika, mtaikata mkiing'oa, na hapo itabidi mpate mahali haraka.