Weupe Kwanza, Kompositi Baadaye

Ndugu zangu, mmeniomba nieleze mtu atarajie nini anapokwenda kurekebishiwa meno ya mbele kwa kompositi, ile dawa ya rangi ya jino inayofinyangwa ikiwa laini kisha ikagandishwa kwa taa ya buluu. Nitaeleza, lakini naanzia pale ninapoanzia kila mara, na wanaonifahamu watanivumilia: kompositi haipokei dawa ya kung'arisha. Rangi mtakayochagua siku ile ndiyo mtakayoishi nayo.

Bibi harusi mmoja aliletwa kwangu na mama yake mdogo siku ya Jumanne, sendofu ikiwa Jumamosi. Miezi mitatu nyuma alikuwa ametengenezewa meno manne ya juu mahali pengine. Mwanya ulikuwa umezibwa, na kona ya jino aliyoivunja kwa kufungulia soda ilikuwa imejazwa vizuri, kiasi kwamba nilipopitisha kifaa changu sikuhisi ukingo wowote. Kisha rafiki yake akampa dawa ya kung'arisha, naye akaitumia kila usiku kwa bidii ya mtu anayehesabu siku. Meno yake ya asili yakawa meupe, kompositi ikabaki na umanjano wake wa awali. Nilimsogeza dirishani nikampa kioo, na katika mwanga wa mchana kila kipande kilikuwa kimejichora mpaka wake, kama kiraka kwenye kanzu. Mama mdogo akaniuliza, "Daktari, si uing'arishe na hiyo?" Haiwezekani. Peroksaidi iliyomo katika dawa hizo huvunja rangi zilizojificha ndani ya jino lenyewe. Kompositi ni plastiki ngumu iliyochanganywa na chembe za kioo, na weupe wake uliamuliwa kiwandani.

Basi nibandue na kuweka mpya? Nalo halikuwezekana juma lile, kwa sababu baada ya kung'arisha, oksijeni hubaki ndani ya jino na kuizuia gundi isigande sawasawa, hivyo tunasubiri wiki mbili hivi. Binti alilia pale kwenye kiti. Alikwenda kwenye sendofu yake akiwa na meno yale yale, na kazi tukairudia baadaye. Hakuna aliyemwambia jambo ambalo lingechukua dakika mbili kusemwa, na hilo linaniudhi hadi leo.

Najua mtu atasema, "Mimi sina haja ya kung'arisha." Vema, lakini uamue hivyo kabla, si baada ya picha za harusi ya dada yako. Mwingine atasema daktari achague tu rangi nyeupe kuliko meno mengine. Huyo ajue kwamba meno ya kando yake hayatageuka meupe kuifuata kompositi. Na rangi ichaguliwe mwanzoni kabisa, mdomo ukiwa bado na mate, kwa kuwa jino lililokauka huonekana jeupe kuliko lilivyo na humdanganya hata mwenye uzoefu.

Kazi yenyewe mara nyingi haihitaji ganzi, maana jino halichongwi au huchongwa kidogo sana. Enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, hupakwa asidi ya fosfori kwa sekunde chache ili ikwaruzike na kushika gundi, mbinu iliyoanzia kwa Michael Buonocore wa Marekani mwaka 1955, kisha kompositi huwekwa tabaka kwa tabaka, kila moja lisizidi milimita 2 hivi, na kila moja hupigwa taa kabla ya lingine. Adui ni unyevu. Tone la mate au damu likiingia chini ya gundi, kipande kitabanduka mapema, na ndiyo sababu mwenye fizi zinazotoka damu nitamrudisha akasafishwe ugaga kwanza, hata akikasirika.

Kuhusu mwanya, mnajua kwetu ni urembo, na wapo wanaouziba kisha wakautamani. Kama jino halikuchongwa, kompositi huweza kuondolewa. Ulizeni hilo kabla ya kulipa.

Waliokulia Arusha au Kilimanjaro na kupata meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi katika maji, mwambieni daktari, kwa sababu enameli ya namna hiyo hugomea asidi na gundi haishiki kwa urahisi.

Muda unanibana. Tarajieni kompositi idumu miaka mitano hadi saba, si maisha yote. Chai ya rangi, kahawa, manjano ya mchuzi na sigara vitaififisha. Msasa na kusuguliwa juu juu kwa vifaa vya daktari, si dawa, hurudisha sehemu ya mng'ao wake. Mifupa ya kuku, miwa, barafu na vizibo vya soda vitaimega, na kilichomegeka huzibwa bila kubandua kazi yote. Bei ni nafuu kuliko vigae vya kauri, yale maganda membamba yanayobandikwa mbele ya jino, ila mjumlishe na gharama ya kurudi kurekebisha.

Dada uliyeinua mkono pale nyuma, kama mumeo anakuambia unasaga meno usingizini, limalize hilo na daktari kabla hajaanza kazi, kwa kuwa kingo za kompositi humeguka usiku bila wewe kujua, na utahitaji kinga ya plastiki ya kuvaa kila unapolala.