Nani Ameshika Funguo za Telegram?

Mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi. Wakubwa zangu, shikamooni. Wapo humu walionisikia nikilisema jambo hili zaidi ya mara moja. Niwieni radhi, nitalisema tena, maana bado halijafika linakotakiwa kufika.

Swali nililopewa ni hili: kampuni ya mtandao wa kijamii ambayo mwanzilishi wake bado ndiye anayeiendesha, je, iuze hisa kwa umma au abaki nayo mwenyewe? Jibu langu nalitoa sasa hivi msije mkalisubiri hadi mwisho: iuze. Na inayoninyima usingizi ni Telegram, ule mtandao wa kutumiana ujumbe. Watumiaji wake wamepita bilioni moja, na mwenye kampuni ni mtu mmoja, Pavel Durov. Mtu akisikia hivyo hudhani nina maana kwamba ana hisa nyingi kuliko wenzake. Hana wenzake. Hisa zote ni zake. Lakini sianzii Dubai yaliko makao ya kampuni hiyo. Naanzia Mbagala.

Shangazi yangu amekuwa kwenye kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopeshana, miaka mingi. Wengi wenu mnalijua sanduku la VICOBA, kwa hiyo sitalieleza lote, nataka mlitazame upande wa mbele tu. Lina kufuli tatu, kila kufuli na ufunguo wake, kila ufunguo na mshika ufunguo wake. Sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Jumamosi alasiri wakikaa pale chini ya mwarobaini, kabla halijafunguliwa, mwenyekiti anauliza: wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi? Kina mama wote wanaitikia kwa pamoja, hadi ile mia mbili ya mwisho. Hata mtoto anayecheza pembeni anaijua hesabu ya kikundi. Ndipo funguo zinatoka: mmoja kwenye pindo la kanga, mmoja kwenye pochi, mmoja umening'inia shingoni kwa uzi.

Mtaa wa pili kulikuwa na kikundi kingine. Kilianzishwa na mama mmoja hodari sana. Alipita nyumba kwa nyumba akiwashawishi wenzake, sanduku akalinunua kwa hela yake, na wasiojua kuandika akawafundisha kutia alama kwenye vitabu vyao vya hisa. Kufuli mbili ziliposhika kutu akaziondoa. Ikabaki moja, na ufunguo akawa nao yeye. Daftari nalo likawa linalala kwake. Hakuna aliyelalamika, na hapa naomba mnisikilize vizuri: hakuiba. Kila nikisimulia habari hii kuna mtu ananiwahi, "alikula hela." Hakula! Sijapata kusikia mtu akisema mama yule aligusa hata shilingi. Angekuwa mwizi, dawa ya mwizi tunaijua. Huyu alikuwa mtu mwema, na ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kununua kufuli nyingine.

Januari moja, mwezi wa ada, presha ikampanda, akakimbizwa hospitali. Mkoba wake ukaenda naye. Jumamosi ikafika, kina mama wakakaa duara, sanduku katikati. Mmoja wao alikuwa na mtoto aliyepangiwa kidato cha kwanza shule ya bweni. Mkopo wake ulikuwa umepitishwa wiki iliyotangulia, godoro na ndoo na kwanja vimewekwa kando dukani vinamsubiri. Mtu akaleta nondo. Wakaangaliana. Nani ana mamlaka ya kuvunja? Na wakivunja, zimo shilingi ngapi? Hakuna aliyejua, kwa sababu tangu mama akae na daftari peke yake, hesabu haikutajwa tena kwa sauti. Adhana ya magharibi iliwakuta wamekaa vilevile. Shangazi alipita pale akitoka sokoni, akaangalia, akasema neno ambalo nimetembea nalo miaka yote: "Huyu mama hana kosa. Kosa la kufuli."

Sasa twendeni Ufaransa. Tarehe 24 Agosti 2024 Durov alishuka kwenye ndege binafsi uwanja wa Le Bourget, nje kidogo ya Paris, akakamatwa. Waendesha mashtaka walikuwa wanachunguza uhalifu unaopitia Telegram na madai kwamba kampuni haiwapi wapelelezi ushirikiano. Siku nne baadaye akawekwa chini ya uchunguzi rasmi, akaachiwa kwa dhamana ya euro milioni 5 na kukatazwa kutoka nchini humo. Kama Wafaransa walikuwa na haki au hawakuwa nayo, hilo leo siligusi. Mimi naangalia sanduku. Wiki ile, ni nani angeweza kuamua jambo kubwa kwa niaba ya kampuni? Wanahisa gani wangeitisha mkutano? Waliokuwa na hati fungani za Telegram, yaani walioikopesha kampuni, waliona bei zake zikishuka, na sishangai, maana ufunguo wa fedha zao ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyeko mikononi mwa polisi.

Mwezi uliofuata masharti ya Telegram yakabadilika. Ikatangazwa kwamba namba za simu na anwani za IP, zile zinazosaidia kujua mtu anaingia mtandaoni kutoka wapi, za wanaovunja sheria zinaweza kukabidhiwa kwa mamlaka zinazoleta maombi halali ya kisheria. Huenda ni uamuzi mzuri, mimi mwenyewe nina watoto na najua uchafu unaouzwa kwenye baadhi ya chaneli zile. Lakini tazama ulivyokuja. Mtu mmoja, akiwa ndani ya nchi ambayo hakimu amemkataza kutoka, anawaambia mamia ya milioni ya watu kupitia chaneli yake kwamba kanuni ya siri zao imebadilika. Hakuna kikao tulichokisikia, hakuna kumbukumbu ya kikao tuliyoonyeshwa, hakuna mahali pa kuuliza "kwa nini sasa?"

Najua mnachotaka kuniambia. Wanaomfahamu Durov huniambia kila mara: huyu aliwahi kugawana umiliki, akanyang'anywa. Ni kweli, nami siichukulii kwa wepesi. VK, mtandao aliouanzisha Urusi, ulimtoka hivyohivyo. Aprili 2013 wenzake wawili waliuza asilimia 48 kwa mfuko wa uwekezaji wa UCP, na 2014 yeye akauza sehemu yake, akaondoka kwenye uongozi na nchini, baada ya kuwakatalia wakuu wa usalama wa Urusi taarifa za waandamanaji wa Ukraine. Mtu aliyepita humo ana kila sababu ya kufunga sanduku kwa kufuli moja na kumeza ufunguo. Ningekuwa yeye ningetamani hivyohivyo.

Lakini irudieni habari ya VK polepole. Kampuni ile ilikuwa na mpango wa kuingia sokoni, yaani kuuza hisa kwa umma kwenye soko la hisa. Mei 2012 Durov mwenyewe akatangaza kwamba wanaahirisha, kwa kuwa hisa za Facebook zilianza vibaya na kuwavunja moyo wawekezaji. Hawakuingia. Mwaka uliofuata karibu nusu ya kampuni ikauzwa chemba. Sisemi soko lingemwokoa na serikali ya Urusi. Lakini haiwezekani VK itumike kama ushahidi dhidi ya kuuza hisa hadharani, maana kilichotokea pale ni mauzo ya gizani! Kampuni iliyoorodheshwa, mtu hawezi kujikusanyia nusu yake bila kulazimika kujitangaza njiani.

Na Telegram yenyewe imeshaweka mguu mmoja mlangoni. Mwaka 2018 ilikusanya dola bilioni 1.7 kwa ajili ya sarafu yake ya kidijitali iliyoitwa Gram. Mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, ikaishtaki, na 2020 kampuni ikakubali kurudisha zaidi ya dola bilioni 1.2 na kulipa faini ya milioni 18.5. Mwaka 2021 ikakopa zaidi ya bilioni moja kwa hati fungani ambazo mwenye nazo angepata hisa kwa bei ya punguzo kama kampuni ingeorodheshwa sokoni. Machi 2024 Durov akasema waziwazi kwamba kuingia sokoni ni jambo wanalolifikiria. Kwa hiyo fedha za watu wengine zimo tayari ndani ya sanduku. Kilichobaki ni kufuli.

Hapa sasa niwe mkali kidogo, kwa sababu kuna kuuza na kuuza. Facebook iliingia Nasdaq, soko la hisa la Marekani, tarehe 18 Mei 2012 kwa dola 38 kwa hisa. Umma ukauziwa hisa za kura moja, mwanzilishi Mark Zuckerberg na wenzake wakabaki na hisa za kura kumi kumi, na kura nyingi zikabaki mkononi mwake hadi leo. Mwezi mmoja kabla ya hapo aliinunua Instagram kwa dola bilioni moja, akiongoza mazungumzo mwenyewe, bodi ikaelezwa mambo yakikaribia kwisha. Snap, wenye Snapchat, wakaja Machi 2017 na jambo ambalo soko la Marekani lilikuwa halijaliona: hisa dola 17, kura hakuna. Hata moja! Unakaribishwa kuweka fedha sandukuni, unapewa kitabu cha hisa kizuri, unaambiwa ukae. Mimi hiyo siiti kuuza kwa umma. Durov akija kwa mlango huo nitasimama hapahapa kumpinga, kwa nguvu ileile ninayotumia leo kumwita.

Mtauliza, basi Facebook ilifaidika nini, au sisi tulifaidika nini? Daftari. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoka na maelfu ya kurasa, zikiwemo tafiti za kampuni yenyewe kuhusu Instagram na wasichana wadogo. Alizipeleka wapi? SEC, kwa hoja kwamba kampuni iliwaambia wawekezaji jambo moja huku ndani ikijua jingine. Aliyeuza hisa kwa umma ana wajibu wa kutowadanganya walionunua, na wajibu huo ukawa njia ya kuwatetea hata watoto ambao hawana hisa. Mfanyakazi wa Telegram mwenye kurasa kama zile leo azipeleke kwa nani?

Nimewahi kuketi kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa kampuni moja ambayo nina hisa chache sana. Mzee mmoja alisimama, taarifa ya mwaka ameikunja ndani ya gazeti, akauliza kwa nini posho za wakurugenzi zimepanda na gawio limeshuka. Hisa zake nadhani zisingenunua hata baiskeli. Mwenyekiti wa bodi, mtu mzito, akavaa miwani, akatafuta ukurasa, akajibu. Jibu halikuniridhisha. Lakini alilazimika kujibu, na likaandikwa.

Kuna na hoja ya kwamba wanahisa wataisukuma kampuni ihangaikie faida ya kila robo mwaka, na matangazo yatujae usoni. Lakini Zuckerberg hawezi kuondolewa na mwanahisa yeyote, na matangazo tumeyaona. Mwaka 2022 kitengo chake cha Reality Labs, cha miwani na dunia ya kompyuta, kilipata hasara ya dola bilioni 13.7, hisa zikaporomoka hadi chini ya dola 90, na Novemba ya mwaka huo akapunguza wafanyakazi 11,000. Bei ilimwambia kile ambacho kura hazikuweza. Ningetaka aambiwe mapema zaidi, na kwa kura, kabla ya watu 11,000 kulipia.

Twitter, haraka haraka, maana najua kuna mkono umeinuliwa kule nyuma. Ndiyo, Twitter ilikuwa na hisa moja kura moja, na 2022 ikaishia kwa Elon Musk kwa dola bilioni 44. Wanahisa waliulizwa, wakapiga kura Septemba, wakakubali. Watumiaji hawakuulizwa. Huo ni udhaifu na sitaufunika: umma wa wanahisa na umma wa watumiaji ni watu wawili tofauti.

Hapa nyumbani sheria yetu iliwahi kuzitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zake kwa umma, na Vodacom Tanzania wakauza mwaka 2017, shilingi 850 kwa hisa, wakakusanya bilioni 476. Nilitaka kulieleza hilo kwa kirefu, kwa sababu linaonyesha kuwa mteja wa kawaida anaweza kuwa mwanahisa. Muda umenibana.

Nimalizie na Reddit, mtandao wa majukwaa ya mijadala. Machi 2024 walipouza hisa zao kwa dola 34, walitenga sehemu kwa ajili ya watumiaji na wale wanaosimamia majukwaa yake bila malipo. Ilikuwa sehemu ndogo, na kura nyingi zilibaki kwa wakubwa. Lakini mlango ule upo, na Telegram ina watu wanaoendesha chaneli na makundi usiku na mchana, wakiwemo walimu wetu wanaotuma humo mitihani ya majaribio. Hao ndio wangetengewa hisa za kwanza, zenye kura sawa na za Durov, hisa kwa hisa. Yeye abaki na nyingi kuliko wote, amezitolea jasho. Ila kufuli ziwe tatu.

 Yule ndugu wa nyuma, karibu na swali lako la Twitter.