Jinsi ya Kujenga Banda la Chaga la Kuku 15 Nyuma ya Nyumba

Habari zenu watazamaji. Mimi ni fundi seremala wa hapa Tabora mjini, na katika video hii nitawaonyesha namna ya kujenga banda la kuku lililoinuliwa juu ya miguu, lenye sakafu ya chaga, yaani mbao nyembamba zilizoachiana nafasi, ambalo hukaa vizuri katika kiwanja kidogo nyuma ya nyumba bila kumkera jirani kwa harufu. Mabanda ya aina hii ninayauza yakiwa tayari, na mwenye hesabu kali anaweza kuuliza kwa nini ninafundisha kazi inayonilisha. Jibu ni kwamba wengi wenu mkifika kwenye chaga mtanipigia simu.

Tuanze na mahali. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kwenye kuta fupi, na kuta ndefu zenye wavu zibaki zikipitisha hewa. Upepo wa kiangazi hapa kwetu huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, na usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi, kwa hiyo ukuta mfupi wa mashariki tutauziba kwa mbao kuanzia sakafuni hadi kwenye bati. Kivuli cha mwembe ni kizuri sana mwezi wa Oktoba, lakini banda lisikae moja kwa moja chini ya tawi, kwa sababu tawi ni njia ya nyoka na ya kanu, na msimu wa maembe ukifika kila embe litakaloangukia bati usiku litawaamsha kuku pamoja na mwenye nyumba.

Vipimo ni futi 8 kwa futi 4. Eneo hilo ni takriban mita za mraba 3, ambalo linatosha kuku wakubwa 15, yaani 5 kwa kila mita ya mraba, hasa wakiwa wanafunguliwa mchana. Watu huniomba niongeze upana ufike futi 6, nami hukataa, kwa sababu banda hili halikujengwa ili mtu aingie ndani. Unalisafisha ukiwa umesimama nje, na mkono lazima ufike kona ya mwisho. Ukitaka kuku zaidi, ongeza urefu.

Miguu iko 6 na inatoka kwenye mbao za inchi mbili kwa nne zenye urefu wa futi 12. Mitatu ya mbele ina futi 7 kila mmoja, na kila ubao unakuachia kipande cha futi 5 ambacho utakipunguza kiwe futi 4 ili kikae kama mhimili wa kubeba sakafu. Mitatu ya nyuma ina futi 6, hivyo ubao mmoja unakupa miguu miwili bila kubaki hata kipande. Tofauti ya futi moja kati ya mbele na nyuma ndiyo mteremko wa bati.

Miguu hii hatuichimbii ardhini. Mchwa wa Tabora hawana subira, na ubao wa paini uliozikwa kwenye udongo wetu huliwa kuanzia pale usipopaona. Kila mguu utakaa juu ya tofali la saruji, na kati ya tofali na mguu tunaweka kipande cha bati kilichozidi ubao kwa inchi 2 kila upande, kingo zake zikiwa zimekunjwa kuelekea chini. Bati hilo halimuui mchwa. Linamlazimisha ajenge kichuguu chake chembamba cha udongo kwa nje, mahali ambapo utakiona asubuhi na kukivunja kwa kidole. Wako wanaosimamisha miguu ndani ya makopo ya oili chafu, na njia hiyo huzuia siafu vizuri, ila kuku hudonoa na kuonja kila kitu, nami nisingependa waonje oili.

Fremu tunaiunganisha ikiwa imelala chini. Ili kona ipate mraba, pima futi 3 upande mfupi na futi 4 upande mrefu, kisha hakikisha ulalo unaounganisha alama hizo mbili ni futi 5 kamili. Mihimili mitatu inapigiliwa kwenye miguu kwa urefu wa futi 3 kutoka chini, kwa misumari ya inchi 4. Juu yake tunalaza mbao tatu za futi 8, moja mbele, moja katikati, moja nyuma. Simamisha, weka pima maji, na pigilia mbao za mshazari kwenye miguu ili upepo usiyumbishe banda. Sehemu hii ninaipita haraka, kwa sababu aliyewahi kutengeneza meza anaijua.

Sasa tumefika kwenye chaga, na hapa naomba mtulie. Chaga ni mbao za mbili kwa moja zilizokatwa futi 4 kila moja, na zinalazwa kwa kukata upana wa banda. Kwa banda hili zitahitajika takriban 34, yaani mbao 12 za futi 12. Nafasi kati ya chaga na chaga ni sentimita 2. Ikipungua, kinyesi kinaganda juu, sakafu inakuwa tope, na banda linaanza kunuka kama lile la chini ulilotaka kulikimbia. Ikizidi, mguu wa kuku unazama, naye anapojaribu kuuchomoa kwa nguvu anavunja kifundo. Kwa hiyo ni sentimita 2, na hazipimwi kwa jicho. Chonga kipande cha ubao chenye unene huo, kitumbukize kati ya chaga mbili upande wa mbele, kisha kitumbukize upande wa nyuma, ndipo upigilie msumari. Mbele na nyuma, kila chaga, hata ile ya 30 wakati mgongo umeshachoka.

Mpwa wangu, sogeza kamera hapa, chini zaidi. Watazamaji, mnaona mwanga unavyopita kati ya chaga hii na inayofuata? Mbele umekaa kama uzi ulionyooka, lakini ukiufuata kuelekea nyuma unapanuka, na pale mwisho kidole changu cha gumba kinaingia chote na kuzunguka. Ubao wenyewe umejipinda, pengine ulikatwa ukiwa mbichi. Tusimame kwanza. Ninang'oa msumari wa nyuma, mpwa anausukuma ubao kwa goti hadi ukibane kipande cha kupimia, ninapigilia tena. Bado. Ubao unarudi. Basi huu tunautoa kabisa na tutautumia kutengenezea ngazi, ambako kupinda kwake hakumdhuru mtu. Chagueni mbao zilizonyooka dukani, mkizitazama kwa jicho moja kuanzia kichwani, na msimwonee haya muuzaji akikunja uso. Narudia, maana ndiyo sababu ya video hii: kipande cha kupimia mbele, kipande cha kupimia nyuma, ndipo nyundo.

Ukimaliza, pitisha kiganja juu ya sakafu yote. Kichwa cha msumari kilichobaki juu kizamishwe, na makali ya mbao yalainishwe kwa msasa, kwa sababu kibanzi kidogo kikiuchoma unyayo wa kuku hufanya jipu gumu ambalo kupona kwake huchukua muda mrefu. Wenye vifaranga wasiwaweke kabisa juu ya chaga hizi kabla ya wiki 8. Kifaranga hulelewa chini, penye maranda au pumba za mpunga, na wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, ambalo linapunguzwa taratibu kila wiki kadiri manyoya yanavyoota. Akiwa na mguu mwembamba kama njiti, sentimita 2 kwake ni shimo.

Kuta ndefu zinafungwa wavu. Wavu mwembamba wa matundu makubwa, ule wa bei rahisi, humzuia kuku asitoke lakini haumzuii kicheche asiingie. Tumia wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi, na uukaze kwa vipande vya mbao juu yake badala ya kutegemea misumari pekee. Upande wa mbele tunaweka milango miwili ya fremu na wavu, yenye bawaba mbilimbili. Kila mlango upate komeo la juu na la chini, na hilo la juu lipokee kufuli, kwa ajili ya kicheche mwenye miguu miwili.

Viota vinaning'inia nje ya ukuta wa nyuma, vikiwa na mfuniko wenye bawaba, ili uokote mayai bila kufungua banda. Kuku 4 au 5 hutumia kiota kimoja bila ugomvi, hivyo viota 4 vinatosha, kila kimoja kikiwa na sentimita 30 kwa upana, kina na kimo. Ndani pawe na giza kiasi na nyasi kavu. Vichanja vya kulalia ni viwili, vya futi 8, na vikae juu kuliko viota. Kuku hutafuta mahali pa juu zaidi pa kulala, na kiota kikiwa juu atalala humo na asubuhi utaokota mayai yaliyopakwa kinyesi. Kuku mmoja anahitaji takriban sentimita 20 za kichanja, na vichanja viwili vinawatosha wote 15 na kubakisha nafasi kwa ajili ya jogoo mwenye majivuno. Mimi hupenda kichanja cha mbili kwa mbili kilichoviringwa kingo kwa randa. Wanaotumia mti mbichi wa duara wako sawa, ila magamba yake huficha utitiri.

Bati hulijui? Pigilia papi, yaani mbao za kubebea bati, laza bati, misumari ya bati juu ya migongo ya mawimbi, lizidi ukuta kwa futi moja mbele na nyuma. Tuendelee.

Banda limekamilika, lakini chaga na wavu havizuii mdondo, ule ugonjwa wa kuku uitwao pia kideri, nami nimeshaona mabanda mazuri yakibaki matupu ndani ya wiki moja. Chanjo ya I-2 inatengenezwa hapa nchini, Kibaha, na inavumilia joto kuliko chanjo nyingine za mdondo, ingawa haitakiwi kupigwa na jua. Dozi ni tone moja katika jicho moja, kwa kifaranga na kwa jogoo sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Laza kichwa cha kuku ubavu, simamisha chupa wima ikitazama chini ili tone liwe kamili, usiguse jicho kwa ncha, na usimwachie kuku kabla hajapepesa jicho na tone kuzama. Chanja walio wazima tu, wote kwa siku moja, mkiwashirikisha na majirani ikiwezekana. Kuku mgeni kutoka mnadani akae peke yake wiki 2 kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Siku za mwanzo wafungie ndani, wale na kunywa humo humo kwa muda wa wiki moja, kisha wafungulie saa 10 jioni ili wasiende mbali kabla ya giza. Baada ya hapo watapanda ngazi wenyewe. Mbolea iliyo chini ya banda ikwanguliwe kila wiki na irundikwe pembeni mpaka ipoe, kwa sababu ikiwekwa mbichi huunguza mchicha.

Kwa anayetaka banda lililokwisha kutengenezwa, ninapokea oda na kulileta kwa mkokoteni hapa mjini. Kabla ya kupiga simu, pima upana wa geti lako: banda lina futi 4, na pamoja na bati lililozidi mbele na nyuma ni futi 6. Geti likiwa dogo, niambieni mapema, nilete bati likiwa halijapigiliwa.